Nyumba Niliyoijenga Mzee Akiwa Hospitalini

Nekesa,

Kabla ya yote ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani. Unaandikiwa na mwanamume ambaye kutoka Busia mpaka Malaba hajawahi kupitwa na chombo chochote chenye magurudumu. Basi la asubuhi nililipita pale Adungosi nikiwa nimebeba mama mnene na gunia la samaki. Nikalingoja Malaba nikinywa chai, na dereva aliposhuka akanivulia kofia. Muulize mtu yeyote wa baiskeli pale mpakani. Atakwambia ni uongo, lakini atakwambia huku anacheka, na watu hawapotezi kicheko chao kwa uongo wa mtu wa bure.

Sikuulizi kama u mzima. Nakusikia jikoni ukimfokea mama yako kwa sababu ya kamba ya sanduku, kwa hiyo mapafu yako ni mazima. Tangu Jumapili hujanisemesha, na mimi sijakusemesha. Mama yako amekuwa kama karani wa forodha, anapokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule. "Baba yako anauliza kama kuna maji." "Mwambie yako mtungini, ana miguu." Haya. Miguu ninayo. Na mkono pia ninao, ndiyo maana naandika. Nitaichomeka barua hii chini ya nguo zako mama yako akishamaliza kufunga, uisome ukiwa mbali, mahali ambapo huwezi kunirushia sufuria.

Habari za sabuni, za viatu, za kuamka mapema, sitaki. Hizo anazo mama yako, na senje yako Nabwire, dada yangu, ataziongeza hata usipouliza. Mimi niliacha shule darasa la sita, tena si kwa kufukuzwa kama asemavyo Nabwire, nilichoka kumfundisha mwalimu. Kwa hiyo usitafute hapa maneno ya kitabu.

Tuzungumze Jumapili. Watu wamekuja kukuaga, wamekula kuku wangu watatu, na wewe ukasimama na hiyo shingo yako ndefu ukasema, "Ninaenda kusomea uuguzi kwa sababu ya daktari mmoja. Alimtazama kuka akaona ni mzee, akasema hafai kupasuliwa, aachwe alale mpaka afe. Huyo daktari nitamtafuta. Nitamwambia mbele ya wenzangu wote kwamba mzee aliyemtupa bado anatembea." Watu wakapiga makofi. Kuka yako, baba yangu mimi, akagonga fimbo chini mara mbili, macho yamemlowa. Nami nikacheka kidogo. Kosa langu hilo tu, kucheka. Ukanigeukia: "Wewe usicheke, baba. Wewe wakati ule ulikuwa unajenga nyumba ya kumzikia."

Nabwire akapiga kigelegele peke yake. Nilimhesabia.

Halafu Jumanne ikaja ile karatasi ya shule, yenye majina ya watakaowafundisha, na jina la daktari yule likawa humo. Ulilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Niliiona mezani. Kesho unapanda basi na mstari huo mwekundu mkobani, na ndio umenikalisha hapa mlangoni tangu saa tisa na kalamu niliyoazima kwa mtoto wa jirani, jua linanipiga kichwani.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja mambo yale yalipotokea, na nusu yake ulisimuliwa. Ngoja nikusimulie mimi, maana wengine wote hawajui kusimulia.

Ilikuwa mwaka ule Wahindi walipofukuzwa upande wa pili wa mpaka. Malori yalijaa Malaba mpaka madereva wakawa wanapika kando ya magurudumu. Kuka yako alikuwa amekwenda kumsalimu rafiki yake waliyetandaza naye reli ujanani, na alikuwa amembebea kuku wawili. Akapita nyuma ya lori moja lililosimama kwenye kilima. Dereva alikuwa ameweka jiwe chini ya tairi, akaenda kutafuta chakula. Mvua ilikuwa imenyesha, jiwe likateleza kwenye matope, lori likarudi nyuma pole pole, kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Lilimbana mzee kwenye lori la nyuma yake, kisha likamwacha aanguke. Paja la kushoto lilivunjika, mkono wa kulia ukavunjika, na mtulinga, na mbavu nne, na kichwa kikapasuka juu ya sikio. Alikuwa na miaka sabini. Kuku mmoja alipona, tukamla baadaye.

Nilifika hospitalini kwa baiskeli kabla damu haijakauka kwenye shati lake. Pale mlangoni nikakutana na Sista, muuguzi mkuu wa wodi, yule mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mfinyanzi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake wa kwanza, Sista."

"Vizuri. Shika hapa kiunoni, tumgeuze."

"Mimi?"

"Kuna mwingine nyuma yako?"

Nilishika. Mzee akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Nikaachia. Sista hakupaza sauti. Alisema tu, "Ukiachia tena, nitakutoa nje na nitamwita mama yako, yeye ana nguvu." Nilimchukia siku hiyo na sijaacha kumchukia vizuri. Lakini nilishika.

Sikia jambo ambalo Sista alilijua na sisi hatukulijua. Sisi tulidhani mzee huuawa na lori. Kumbe akishapita siku ya kwanza, lori limekwisha kazi yake. Kinachobaki kumwinda ni kitanda. Mbavu zikimchoma haziruhusu avute pumzi ndefu, anavuta fupi fupi kama mwizi aliyejificha, makohozi yanakaa ndani, na homa ya mapafu inaingia. Akilala upande mmoja nyama ya mgongo inaoza bila yeye kujua. Asipokula, mwili unajila wenyewe. Kijana akivunjika hivyo, mwili wake una akiba, unaweza kupuuzwa siku mbili. Mzee hana akiba. Ukimpuuza asubuhi, jioni unamkuta ameteremka ngazi tatu, na kupanda moja ni wiki nzima. Utafundishwa hayo kwa maneno makubwa. Mimi nilifundishwa kwa kutukanwa.

Mguu ulivutwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo pale miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, kitanda chenyewe kimeinuliwa kwa matofali. Sista alileta chupa mbili za maji zilizounganishwa kwa mpira, akamwambia mzee apulize mpaka maji ya chupa hii yahamie ile. Mara kumi kila saa. Mzee akamwambia, "Mimi nimetandaza reli, sasa unanipa mchezo wa watoto." Sista akamjibu, "Reli ilikuwa na watu mia. Hapa uko peke yako. Puliza."

Siku ya pili na ya tatu akili ilimtoka. Aliamrisha wodi nzima inyanyue reli. "Inueni! Wewe mvivu wa pembeni, inua!" Na yule wa pembeni alikuwa dereva wa Nambale aliyevunjika mguu, masikini, akawa anaitikia, "Nimeinua, mzee." Sisi tukasema basi, ndiyo mwisho, anazungumza na wafu wenzake wa reli. Sista akasema upuuzi, huyu ana kiu. Akampa maji kijiko kwa kijiko, akahamisha kitanda karibu na dirisha, akamwambia kukhu yako, mama yangu, kila mzee akiamka amtajie jina lake, na siku, na mahali alipo. Siku ya tano akili ikarudi, na jambo la kwanza alilouliza ni kama nimewalisha ng'ombe. Sikuwa nimewalisha.

Sikuwa nimewalisha kwa sababu nilikuwa nakata nguzo.

Hapo ndipo uliponipigia Jumapili, na ulipiga penyewe, sikatai. Lakini wewe ulitaja nyumba kama mtu aliyeiokota barabarani. Siku ya tatu, wakati mzee anaamrisha reli, baba yangu mdogo alisimama kando ya kitanda akasema kwa sauti ya kanisani, "Amekula chumvi ya kutosha." Sista akamwambia, "Mzee, huyu si maiti, anasikia. Kama umekuja kugawa vitu vyake, nenda ukagawie barabarani." Baba mdogo akatoka, nami nikatoka naye, na pale barazani akanishika ukosi wa shati. Hakuniuliza habari za baba yangu. Aliniuliza, "Wewe mtoto, utalala wapi?"

Nilielewa. Hata wewe ungeelewa. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na wakati ule tulikuwa tunakaa chumba cha kupanga kule Busia, karibu na mpaka, kwa sababu baiskeli yangu ilikuwa na wateja pale. Kwenye ardhi ya baba sikuwa hata na kibanda cha kuku. Kwetu mtoto wa kwanza akifiwa na baba kabla hajasimamisha nyumba yake mwenyewe ndani ya boma la baba, huyo ni kichekesho. Siku za matanga analala nje kama mgeni aliyechelewa. Akishazikwa baba, wazee wanamzuia kujenga mpaka wapende wao, na wadogo zake hata wakiwa na wake wanangoja nyuma yake wakimlaani. Watu wangeimba jina langu kutoka hapa mpaka Khunyangu. Mimi, niliyevuliwa kofia na dereva wa basi!

Basi nikajenga. Na kwa kuwa lazima niseme ukweli, nilijenga vizuri sana. Siku ya nne nguzo, siku ya sita fito, siku ya nane udongo, vijana ishirini wakikanyaga matope na kuimba. Watu wanapita njiani wanauliza:

"Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Na nguzo?"

"Zinaendelea pia."

Wanajikunyata wanakwenda. Hakuna aliyenilaumu, Nekesa. Wazee walipita kukagua pembe kama ziko sawa. Huo ndio ubaya wake, kwamba lilikuwa jambo la adabu.

Lakini kule wodini mtu mzima wa kumgeuza mzee aliondoka. Alibaki kukhu yako peke yake, kilo zake arobaini na tano kama zinafika, anamgeuza mwanamume aliyebeba vyuma maisha yake yote. Sista alimfundisha kutumia shuka, kuivuta kwa mwili mzima badala ya mikono. Kila saa mbili. Akimsugua mgongo, akimshikia mto kwenye mbavu akohoe. Mimi nilikuwa naenda siku moja naacha moja, nakaa kidogo, nasema maneno ya kuchekesha, naondoka. Mara moja alinishika mkono akautazama.

"Kucha zako zina udongo."

"Ni barabara, mama."

"Barabara gani inakuacha na nyasi za kuezeka kwenye nywele?"

Nikajipukuta. Akaendelea kumchanganyia mzee uji wa wimbi na njugu zilizosagwa. Alikuwa anautia na unga wa omena kwa siri, kwa sababu mzee alisema samaki wadogo ni chakula cha bata. Alikunywa omena miezi mitatu bila kujua. Hilo nalo sijamwambia, lakini si hilo lililonikalisha hapa.

Siku ya tisa jioni mzee alikataa kula. Aligeuza uso ukutani. Siku ya kumi, hakula. Ya kumi na moja, hakula, wala hakupuliza chupa, na kifua kikaanza kukoroma. Unakumbuka mlipelekwa kumwona? Nabwire aliwavalisha nguo za kanisani. Nitakwambia kwa nini alikataa kula, lakini si hapa, ngoja kalamu ifike.

Aliyemrudisha ni kukhu yako. Si mimi, ingawa kwenye pombe nimesimulia mara nyingi kwamba ni mimi. Alishika bakuli akamwambia, nikisikia kwa masikio yangu, "Umeamua kufa? Kufa. Lakini huu uji nimetembea nao tangu Nambale kwa miguu, basi lilinikataa. Kwanza unywe, halafu ufe ukiwa umeshiba, nisije nikarudi nao." Mzee akamtazama kwa hasira kama ya mtu aliyeibiwa. Akanywa. Alikunywa wote kwa ukali, na kukhu akamwambia, "Chupa." Akapuliza.

Usiende huko shuleni ukadhani wazee huponywa na upole tu. Utawaona wauguzi wengine wanawaita wazee "kababu kangu", wanawapapasa kichwa, na hawawageuzi. Kukhu yako hakumpapasa hata siku moja. Alimdai kama mtu anayedai haki yake.

Mzee alikaa kwenye kamba ile miezi mitatu. Mgongo wake ulipata kidonda kimoja tu, kidogo kama senti, na Sista alikilaani mpaka kikapona. Mkono ukaunga. Mbavu zikaunga. Paja likaunga, lakini lilijiunga lilivyotaka lenyewe, limepanda juu na kupinda, na alipowekwa chini mguu ule ukawa mfupi kwa vidole vitatu. Unajua anavyotembea. Unadhani alizaliwa hivyo? Mtu yule alikuwa anaruka mto Sio.

Nikamleta nyumbani. Akashuka na magongo mawili, akasimama pale penye ua. Nyumba yangu ikamtazama. Ilikuwa imekauka, imepakwa, nyasi zimekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi.

"Nyumba ya nani hii?"

"Yangu, baba."

"Umejenga lini?"

"Ulipokuwa hospitali."

Akatembea kuizunguka. Ilimchukua muda mrefu, tunamtazama wote, hakuna aliyethubutu kumshika. Akagonga ukuta kwa gongo. Akaingiza kidole kwenye nyasi. Kisha akasema, "Pembe ziko sawa. Udongo umekauka vizuri. Kumbe mtoto wangu ana haraka namna hii, na akiwa na ng'ombe wangu analala mpaka jua linamchoma." Nabwire akacheka mpaka akakaa chini. "Haya," mzee akasema, "mimi sina haraka. Nitakaa kwanza nione kama inavuja."

Na akakaa! Kila asubuhi anakuja kuizunguka nyumba yangu. Mzunguko mmoja, wiki nzima. Kisha miwili. Mvua ilipokwisha alikuwa na gongo moja na mizunguko saba, na kila mzunguko akipita mlangoni kwangu anauliza kwa sauti, "Mwenye nyumba ameamka?" Alianguka mara mbili. Mara ya pili alikataa kuinuliwa, akajiinua kwa ukuta wangu, na alama za kucha zipo mpaka leo. Siku aliyokwenda chooni peke yake na kurudi, alirudi kama mtu aliyetoka Ulaya. Ilimchukua mwaka na zaidi kuwa mtu tena, Nekesa, si ile miezi mitatu. Watu wanamhesabia mgonjwa siku ya kutoka hospitali kama siku ya kupona. Ile ilikuwa siku ya kuanza.

Mimi nimejigamba kwamba nyumba yangu ndiyo iliyomponya, kwamba bila hasira yake kwangu angebaki kitandani. Nimelisema kwenye harusi mbili na kwenye mazishi ya mtu mwingine. Labda lina ukweli. Nabwire anasema ni kama mwizi kudai shukrani kwa sababu alimfundisha mwenye nyumba kufunga mlango. Nabwire ana ulimi ambao ungefaa kuwekwa kwenye mguu wa mtu na kuvutwa kwa mfuko wa mchanga.

Sasa naona jua limeteremka na mama yako ameacha kugongana na masufuria. Umetoka kuchota maji, umepita hapa mbele yangu na ndoo, umeniona naandika, na umegeuza uso kule. Sawa. Geuza. Una haki zaidi ya unavyojua.

Ile siku ya tisa nilikuwa nimekuja kumwona wodini, na daktari akaniita barazani. Alikuwa kijana, hajanizidi mimi sana kwa umri, na nilimwona ana kiburi kwa sababu ya viatu vyake. Akasema: "Paja la mzee haliungi vizuri kwa kuvutwa. Kuna hospitali kubwa wanaweza kupasua na kuweka chuma. Kuna gari linakwenda kesho asubuhi na nimemwombea nafasi."

Nikamwambia, "Daktari, mtu wa miaka sabini?"

"Miaka si ugonjwa," akasema. "Kifua kimesafika, akili imerudi, anakula. Anaweza kufa mezani, sikufichi. Lakini miezi mitatu kitandani inaweza kumuua vile vile, na akipona mguu utakuwa mfupi. Mwili ni wake. Nenda ukamwulize, uniletee jibu."

Alitaka kwenda kumwuliza mwenyewe. Nilimzuia mimi. Nilimwambia mzee hasikii Kiswahili vizuri akiwa na maumivu, mwache mwanawe azungumze naye. Mzee aliyewaamrisha watu wa makabila sita kwenye reli kwa Kiswahili!

Nikaingia wodini. Alikuwa ameketi kidogo, kukhu yako amekwenda kuosha shuka. Alikuwa na nguvu siku ile. Aliniuliza, "Daktari anasemaje?"

Nekesa, ile nyumba ilikuwa na ukuta mbichi wa siku moja. Haikuwa na paa. Nyumba isiyo na paa si nyumba, mbele ya wazee ni shimo la miti tu. Nilihitaji siku mbili za nyasi. Nilisimama pale mbele ya baba yangu nikahesabu: gari linaondoka kesho, akifa mezani kesho, maiti inafika kesho kutwa, na mimi nalala nje. Laiti daktari angeniita siku mbili baadaye ningesema ndiyo bila kufikiri. Hilo ndilo linaloniamsha. Sikumkatalia kwa woga wa kisu. Nilimkatalia kwa sababu ya nyasi.

Nikamwambia baba yangu, "Daktari anasema wewe ni mzee sana, mifupa yako haifai kupasuliwa. Ulale tu."

Akautazama mguu wake. Halafu akauliza, "Hata yeye ameona nimekwisha?" Na akageuka ukutani.

Nikatoka barazani. Daktari akauliza, "Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Anasemaje?"

"Amekataa kisu."

Alinitazama, nadhani alitaka kuuliza tena. Akaandika. Na kwa yale maandishi, na kwa yale maneno yangu kitandani, kuka yako amemchukia mtu yule miaka yote hii, na amekulea wewe katika chuki hiyo, na wewe umeifanya kuwa sababu ya maisha yako, ukaisema mbele ya watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sababu uso wangu haukupata kitu kingine cha kufanya.

Mzee sijamwambia. Leo asubuhi alipita mlangoni hapa na fimbo yake, na ule mguu wake wa nusu hatua, nikasimama nimwambie. Akasema, "Mwenye nyumba, mtoto wako atatuheshimisha." Nikarudi kukaa. Kesho ukishaondoka nitajaribu tena. Ukisikia nimefukuzwa kwenye boma hili, ujue nimefaulu.

Ukimkuta daktari huko, usimwambie maneno uliyoyapanga. Hayakuwa yake. Yeye aliuliza. Aliyepewa swali alipeleke kitandani ni mimi, na sikulipeleka.

Baba yako